Kwa nini mtu aogope kuongea lugha ya kwao ndani ya Dar?

#1 BintiCharambe

Wakuu salaam. Nauliza kwa dhati, na wenye kujua naomba wajibu: inakuwaje mtu aogope kuongea kilugha chake ndani ya jiji kama Dar, ambako karibu kila mmoja wetu ametokea kwingine?

Juzi nimepanda daladala Rangi Tatu naenda Kariakoo. Niliyekaa naye siti moja ni kaka wa makamo, shati limepigwa pasi, kapakata mfuko wa rambo. Konda alipopita kuchukua nauli, kaka akasema anashuka Gerezani. Tulipofika Zakhem simu yake ikaita. Akapokea, akaongea kilugha kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi si mjuzi, ila nimekua jirani na Warundi, nikajua hicho ni Kirundi. Konda akadakia: "Oya mzee, hapa Bongo, ongea tuelewe wote!" Gari zima likacheka.

Yule kaka hakucheka. Alikata simu, kisha akaizima kabisa. Akanigeukia na kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu akauliza, "Dada, kwani nimeongea kwa sauti kubwa?" Nikamwambia hapana, endelea tu kaka. Akashukuru. Kituo cha Mtoni kwa Aziz Ali akashuka, na Gerezani bado mbali.

Basi, ni hayo tu. Lakini tangu siku hiyo nikipita mtaani naangalia watu ambao sikuwa na mazoea ya kuwaangalia: anayeshona viatu chini ya mwembe, dada anayesuka sokoni, mlinzi wa geti la jirani. Wangapi kati yao huzima simu sisi tukikaribia? Na ni sisi tunaowafanya wasionekane, au wenyewe wameamua?

#2 Kijana wa Tandika

Naweka mkeka hapa. Wajuzi waje.

#3 Konda Mstaafu

Mleta uzi, nimefanya kazi njia hiyohiyo ya Mbagala tangu enzi za vipanya na DCM, kwa hiyo naomba nisikilizwe. Ule ni utani wa gari. Mchaga akiongea Kichaga anaambiwa, Msukuma anaambiwa, Mmakonde ndiyo usiseme. Wengi hujibu, gari linachangamka, safari inakwisha. Konda hakai akachunguza nani raia na nani si raia, yeye anawaza hesabu ya bosi.

Na kushuka kwa Aziz Ali si ushahidi wa kitu. Mtu anasema Gerezani, njiani anakumbuka anadaiwa au anadai, anashuka. Ukishalipa nauli ya kufika mwisho, pa kushukia ni pako.

#4 Mwana wa Kasulu

Binti, umejuaje kwamba ni Kirundi? Kiha na Kirundi kwa mtu wa pwani ni kitu kimoja. Hata sisi wenyewe tunaelewana na Mrundi bila mkalimani, na Kihangaza cha Ngara nacho kimo humohumo. Huyo kaka anaweza kuwa Mtanzania wa babu na bibi kutoka Kasulu, Buhigwe, Kibondo au Kakonko, kwetu Kigoma.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Nilikwenda ofisi moja kufuatilia karatasi zangu, mbele yangu kijana mwenye jina la Kichaga akahudumiwa akaondoka. Mimi, jina langu liliposomwa, nikaulizwa cheti cha kuzaliwa cha baba. Nikaleta. Nikaulizwa cha babu. Babu yangu kazaliwa Heru Juu enzi za mkoloni, nyumbani, mikononi mwa wakunga wa kijiji. Cheti akitoe wapi? Nilisimama pale dirishani watu wote nyuma wananitazama, na nimeimba wimbo wa taifa shuleni miaka yote.

Kwa hiyo ujue kwamba hata sisi raia tunashusha sauti simu ikiita. Mama akinipigia nikiwa kwenye gari, namwambia nitakupigia.

#5 BintiCharambe

Mwana wa Kasulu, asante. Kama ni Muha basi jambo limekuwa zito zaidi, maana hapo hata mwenye nchi anajificha.

#6 Mzee wa Upanga

Vijana, hamjambo. Nichangie kwa niliyoyaona na niliyohadithiwa.

Sultani Majid wa Unguja alipoanza kujenga hapa miaka ya 1860, palikuwa kijiji cha Mzizima. Kilichofuata ni watu kuja tu. Wahadhrami, Wahindi, Wangazija, Wamanyema kutoka Kongo, askari wa Kisudani walioletwa na Mjerumani, Wanyamwezi, kila mtu. Mwenye haki ya kumwambia mwenzake "rudi kwenu" labda ni Mzaramo, na Mzaramo mwenyewe hajawahi kusema hivyo.

Baada ya uhuru ndiyo Dar ikawa nyumba ya wageni hasa. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kiliundwa hapa hapa Juni 1962. Mwaka uliofuata Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ikaweka makao yake hapa. ANC, PAC, SWAPO, MPLA, wapigania uhuru wote hao walikuwa na ofisi mjini. Ukipita Mtaa wa Nkrumah unakutana na kijana wa Msumbiji au wa Afrika Kusini, anaongea lugha yake kwa sauti, na sisi tunamwita ndugu. Mwalimu alipewa Tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi hii ilivyopokea wakimbizi.

Na Dk. Remmy Ongala je? Mzaliwa wa Kindu, Kongo, akaingia Dar mwaka 1978. Aliimba shida za Mtanzania wa chini kuliko waimbaji wengi waliozaliwa hapa, na alipofariki Desemba 2010 jiji zima lilihuzunika. Leo makonda wanaita "kwa Remmy, kwa Remmy" kila asubuhi Sinza. Inaniuma kwamba ndani ya magari hayohayo kuna mwenzake anayeogopa kupokea simu. Kitu gani kimetupata katikati?

#7 Mtoto wa Sinza

Mzee shikamoo. Nashuka kwa Remmy tangu nikiwa shule ya msingi na nilidhani ni jina la mwenye baa!

#8 Mzee wa Upanga

Marahaba mwanangu. Sasa umejua, mwambie na konda wako.

#9 Sheria Kwanza

Mzee wa Upanga, kwa heshima zote nirekebishe kidogo. Picha hiyo ya zamani ni ya kweli kwa wapigania uhuru. Kwa mkimbizi wa kawaida haikuwa hivyo. Sheria ya kudhibiti wakimbizi ya mwaka 1966 ilikuwa kali kwa maandishi, na Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, mbali kabisa na Mtaa wa Nkrumah.

Sheria iliyofuata, ile ya 1998, inamtaka mkimbizi akae eneo lililotengwa. Akitoka lazima awe na kibali, na akikutwa nje bila kibali ametenda kosa. Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, baadaye ikapokea na Warundi wengi. Kambi ya Nduta nayo ilifunguliwa Kibondo. Mtu aliyeandikishwa huko akija Mbagala kushona nguo bila kibali, kwa karatasi yupo Kigoma. Mbagala hayupo.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta uzi ni la kisheria. Hawaonekani kwa sababu kuonekana maana yake kukamatwa. Operesheni Kimbunga ya 2013 kule Kagera, Kigoma na Geita, watu waliokaa miongo mingi, wengine wameoa na kuolewa hapa, walijikuta mpakani na mabegi. Waliobaki walipata funzo: kaa kimya.

#10 Muuza Vitenge

Nawasoma, na moyo wangu upo, lakini mniruhusu nitoe ya upande wangu. Nina fremu Kariakoo. Wapo wageni wanaoonekana sana tu! Mgeni anashusha kontena, anauza jumla, halafu kesho yake anauza mpaka kipande kimoja kimoja kwa bei ambayo mimi siwezi kununulia. Mimi nalipa pango, kodi, mlinzi, mtoto wa dukani. Hicho kilio tumekilia miaka. Ndiyo maana amri ya Julai 2025 ya kuwakataza wageni baadhi ya biashara ilipotoka sikulala kwa furaha.

Sasa niseme na lingine. Kulikuwa na dada wa Kikongo anayenisuka, mikono yake laini, husikii hata kichwa kuvutwa. Saluni nayo imo kwenye ile amri. Nilipokwenda baada ya hapo nikakuta leseni imebandikwa ya mwingine, na dada anasuka nyuma ya pazia. Nikaingia nyuma ya pazia nikasukwa. Yule mwenye kontena sijaona akihama. Hili linanikera mpaka leo.

#11 Sheria Kwanza

Nyongeza kwa Muuza Vitenge, watu wajue. Amri ile imetaja shughuli 15: biashara ya rejareja na jumla isipokuwa masupamaketi, uwakala wa kutuma pesa kwa simu, ufundi simu, saluni isipokuwa iliyo ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii, uchimbaji mdogo, kuongoza watalii, kununua mazao shambani, na nyingine. Mgeni anayekiuka faini yake haipungui milioni 10, na kifungo kinaweza kufika miezi sita. Mtanzania anayemsaidia ni milioni 5 au miezi mitatu. Kwa hiyo mwenye saluni naye ana sababu ya kuvuta pazia.

#12 Neema wa Oysterbay

Na Masaki hamuisemi? Niliwahi kufanya kazi ya usafi kwenye nyumba ya mgeni kutoka Ulaya. Kakaa miaka, Kiswahili hajui zaidi ya "asante sana", simu anaongea kwa lugha yake bustanini mpaka jirani wa tatu anasikia. Huyo naye amehamia. Sijawahi kusikia mtu akimwita mhamiaji, na konda hawezi kumwambia aongee tuelewe. Swali la Binti lina upande wa rangi na upande wa pesa, tusiukwepe.

#13 Kijana wa Katumba

Nimesoma tangu jana nikawa nasita kuandika. Naandika.

Mimi ni mzaliwa wa Katumba. Babu na bibi walivuka kutoka Burundi 1972 wakiwa na baba yangu mgongoni. Pori lile lilifyekwa kwa mikono yao, na miaka ya baadaye mahindi yao yalilisha Mpanda. Mwaka 2007 tukaambiwa tuchague kurudi au kuomba uraia. Nyumbani tuliomba. Watu wapatao 162,000 tukakubaliwa, lakini vyeti havikutoka kwa miaka, kwa sababu ilitakiwa kwanza tuhame makazi tukatawanywe mikoa mingine. Miaka hiyo ya katikati sitaki hata kuikumbuka: Burundi tumeshajitoa, Tanzania hatujapewa. Hujengi, hupandi mti wa muda mrefu, hujui. Oktoba 2014 Rais Kikwete akaanza kugawa vyeti na tukaruhusiwa kubaki. Baba alikipeleka cheti chake kutiwa nailoni siku ileile.

Nimekuja Dar kutafuta maisha, nipo huku hadi sasa. Mtu akiniuliza natoka wapi nasema Mpanda. Siyo uongo. Nikisema Katumba ananitazama mara ya pili, na ile mara ya pili naijua tangu nikiwa mdogo. Lakini mara nyingi siulizwi! Hapa mtu anakuuliza unauza bei gani, unakaa wapi, timu gani. Kabila haulizi. Mimi nimepumua Dar kwa sababu hiyo, na namshukuru Mungu kwa jiji lisilouliza.

Kwa hiyo Binti, nadhani mnakwenda kinyume. Yule kaka, awe Muha awe Mrundi, alikuwa ameshaizoea raha ya kutotazamwa. Kilichomuumiza ni kutazamwa ghafla na gari zima.

#14 Kijana wa Tandika

Kaka wa Katumba, karibu sana jamvini. Na umejibu swali moja, timu gani?

#15 Kijana wa Katumba

Yanga. Hilo silifichi popote.

#16 Sitti wa Muscat

Jamani, mimi na kaka wa Katumba hatukubaliani, na nitasema kwa nini.

Mimi ni mtoto wa Temeke, nipo Oman nafanya kazi za ndani. Nyumba ninayokaa watu wana dini, hawanipigi, chakula nakula. Lakini wageni wakija naingia na kahawa na tende, wanapokea, mazungumzo hayakatiki hata kidogo, macho hayapandi usoni kwangu. Siku moja niliingia nimejifunga bandeji mkono mzima baada ya kuungua mafuta. Sinia likapokewa, nikatoka. Ni bibi mzaa baba wa nyumba ile peke yake, aliyezaliwa Unguja na Kiswahili chake ni cha zamani kabisa, ndiye aliyeniita chumbani usiku akaniuliza, "Mwanangu, mkono una nini?" Nililia pale hadi akaogopa.

Pasi yangu anayo mwenye nyumba. Jina langu kwenye simu yake ameandika kazi yangu. Kutoulizwa ni raha kwa mwenye chumba chake na marafiki wake jioni, kaka yangu. Mimi hapa sitazamwi na ninakauka. Ijumaa nikipata ruhusa ya kufika Ruwi, nikisikia mtu kaongea Kiswahili cha kwetu nageuka kama nimeitwa.

Kwa hiyo yule kaka wa daladala alipokuuliza "nimeongea kwa sauti kubwa?" mimi naona alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kumjibu. Ulimjibu. Mungu akulipe.

#17 Kijana wa Katumba

Dada Sitti, pole sana. Nimesoma mara mbili. Tofauti yangu na wewe ni kwamba mimi naweza kuwa mtu wa hapa nikinyamaza, na wewe huko hata ukinyamaza hawakuhesabu. Bado nasema kunyamaza kumenisaidia. Ila yako siwezi kuibishia.

#18 Dereva wa Tunduma

Mnaongelea wanaojua Kiswahili. Wale wasioonekana kabisa ni Wahabeshi wanaopitishwa kwenda Afrika Kusini. Juni 2012, Chitego, wilaya ya Kongwa, miili zaidi ya 40 ilikutwa imetupwa porini. Walikosa hewa ndani ya lori. Nchi nzima tuliwaona siku hiyo, wamekwisha kufa.

Mimi naendesha njia hiyo ya Morogoro hadi Tunduma. Nilimkuta kijana mmoja pembeni, mbele kidogo ya Mikumi, midomo imepasuka, anaonyesha kwa mkono kwamba anataka maji. Kiswahili hakuna, Kiingereza hakuna. Nikampa maji na mkate niliokuwa nao, nikawasha gari. Kumpakia sikuweza, maana ukikutwa naye wewe ndiye msafirishaji haramu, lori linazuiwa na wewe unalala ndani. Wenzake wakikamatwa wanapelekwa mahakamani, wanafungwa kwa kuingia bila kibali, halafu wanangoja kurudishwa kwao. Nani aliwahi kuuliza jina la hata mmoja?

#19 Mjumbe wa Shina

Nimekuwa mjumbe mtaani kwetu muda mrefu, nitoe la ndani kidogo bila kutaja mtu. Mnasema sheria, mnasema utani, mnasema rangi. Mimi nasema kuna anayefaidi.

Mpangaji akihamia, mwenye nyumba anatakiwa amlete aandikwe kwenye daftari la wakazi. Wa kawaida analetwa. Huyu mwingine haletwi. Kwa nini? Chumba cha elfu arobaini yeye analipa sabini, choo kikiziba hasemi, umeme ukikatwa hasemi, akipandishiwa kodi katikati ya mkataba hasemi, na mkataba wenyewe haupo. Akidhulumiwa ataenda kulalamika wapi? Na kazini vivyo hivyo. Nimesuluhisha kesi ya kijana aliyefyatua matofali wiki nzima, siku ya malipo tajiri akamwambia, "Nenda kanishitaki." Yule kijana alikuja kwangu usiku, siyo mchana. Tajiri alilipa nusu baada ya wazee kuingilia.

#20 Msimamizi wa Jukwaa

Wakuu, uzi ni mzuri. Tafadhali msitaje mitaa, saluni wala nyumba wanakoishi watu mnaowazungumzia. Bandiko mbili nimezifuta kwa sababu hiyo.

#21 Konda Mstaafu

Nimerudi. Mjumbe kanigusa. Lakini bado natetea kazi yangu: aliyesema ni mmoja, waliocheka ni gari zima, na wengi wao ndio hawa wanaoandika humu. Msimtwishe konda peke yake. Konda angeona hakuna anayecheka angenyamaza palepale.

#22 Mpishi wa Ilala

Tupumue kidogo. Sombe yangu inayosifiwa nimefundishwa na mama wa Kikongo tuliyepanga nyumba moja Buguruni. Kisamvu kinatwangwa hasa, mawese, karanga ukipenda, na samaki mkavu. Alihama usiku mmoja bila kuaga, kinu chake nikabaki nacho, natwangia hichohicho. Hata jina lake la ukoo sikulijua, tulimwita Mama Gloria.

#23 Mwana wa Kasulu

Mpishi, mawese ni ya Kigoma! Wakongo tunapakana nao tu ziwani, msitunyang'anye.

#24 Mpishi wa Ilala

Kaeni na ziwa lenu mgawane. Mimi nataka chupa mbili tu ukienda kwenu.

#25 Fundi Mwenge

Mimi naona mnasahau muda. Babu yangu, Mmakonde, alivuka Ruvuma enzi za Mwingereza kwenda kukata mkonge Tanga. Wakati ule Mmakonde wa Msumbiji akichanjwa uso alionekana toka mbali, watoto wanamkimbia. Baba akaja Dar na ufundi wa kuchonga. Mimi nachonga Mwenge, watalii wananiambia hii ni sanaa ya Tanzania, na hakuna anayeniuliza Ruvuma niko upande gani. Kizazi cha tatu ukishazika wazee wako hapa, umekwisha kuwa wa hapa. Tuwape muda hao Warundi na Wakongo.

#26 Mzigua wa Handeni

Fundi, natamani iwe hivyo, lakini muda peke yake hautoshi. Mababu zetu Wazigua walichukuliwa karne ya 19, wakati wa njaa, wakauzwa Somalia. Walikaa bonde la mto Juba vizazi na vizazi, wengi wanaongea Kizigua mpaka leo, na kule hawakuacha kuitwa watu wa kuja na kubaguliwa kwa nywele zao. Vita vya 1991 vilipoanza wakakimbia, wengine wakaja huku Tanga. Chogo, wilaya ya Handeni, walipewa makazi na baadaye uraia. Waliposhuka wanaongea Kizigua, wazee wetu walishindwa kuamini masikio yao. Kwa hiyo huko zaidi ya karne moja haikuwafanya wenyeji, na huku walipokelewa kwa lugha tu. Sijui utaiweka wapi nadharia yako.

#27 Fundi Mwenge

Sina pa kuiweka, lakini yangu nimeiona kwa macho.

#28 Neema wa Oysterbay

Na hao Wazigua walisaidiwa na kilugha kilekile ambacho kaka wa daladala alikizimia simu.

#29 BintiCharambe

Wakuu, kuna mtu kanifuata faragha baada ya kusoma uzi, kaniruhusu niulize bila kumtaja. Yeye na mumewe ni wa Kongo. Mtoto wao kazaliwa hospitali ya hapa Dar, sasa anafika umri wa kuanza shule. Anauliza mambo mawili: anaweza kupata cheti cha kuzaliwa, na kikipatikana mtoto anakuwa Mtanzania? Anaogopa kwenda dirishani.

#30 Sheria Kwanza

Cheti ndiyo. Kizazi chochote kilichotokea Tanzania Bara kinaandikishwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wazazi wawe raia wasiwe raia. Ni haki ya mtoto.

La uraia lina mvutano. Ukisoma Sheria ya Uraia ya 1995, kifungu cha 5, aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano anahesabiwa raia, isipokuwa wachache kama watoto wa mabalozi ambao wazazi wote si raia. Kwa maandishi mtoto huyo yumo.

#31 Afisa Mstaafu

Sheria Kwanza, maandishi ni hayo, lakini usimpe mama wa watu matumaini yatakayomponza. Kiutendaji mzazi mmoja awe raia, ndivyo inavyotafsiriwa na ndivyo tulivyofanya kazi. Cheti cha kuzaliwa si cheti cha uraia. Mtoto akifika umri wa kitambulisho ataulizwa wazazi.

#32 Sheria Kwanza

Afisa, mazoea ya ofisi hayabadilishi kifungu. Hilo siku moja litafika mahakamani.

#33 Afisa Mstaafu

Likifika sawa. Mimi nasema la kesho asubuhi.

#34 Mwana wa Kasulu

Mbishane tu, mimi raia nimeulizwa cheti cha babu.

#35 BintiCharambe

Nimemfikishia yote mawili. Anauliza abebe nini, na aende na mumewe au peke yake?

#36 Mjumbe wa Shina

Peke yake asiende. Atafute mama wa mtaani anayemwamini amsindikize, mwenyeji wa maneno. Mtu akiwa na mwenzake haogopi kusema jina la mtoto kwa sauti, na jina likiandikwa vibaya kulirekebisha ni kazi nyingine.

#37 Sheria Kwanza

Abebe tangazo la kizazi alilopewa hospitali na kadi ya kliniki ya mtoto. Kama tangazo limepotea, arudi kwanza hospitali alikojifungulia. Mume naye aje kama anaweza, majina ya wazazi wote wawili yaandikwe. Akikwama aniandikie faragha, sichukui hela.

#38 BintiCharambe

Tangazo analo. Nitamsindikiza mimi Jumatatu.